Juu au Chini

Katika miaka ya 1920, kijana aliyetaka kusoma muziki mjini Rochester, jimbo la New York, hakupimwa kwa ala yake peke yake. Aliketishwa chumbani pamoja na waombaji wenzake, akapewa penseli na karatasi, na mbele yao ikawekwa gramafoni. Santuri ikaanza kuzunguka. Ikalia sauti moja, kimya kidogo, ikalia ya pili. Kazi yake ilikuwa kuandika herufi moja tu: sauti ya pili iko juu kuliko ya kwanza, au iko chini? Hajakaa sawa, jozi nyingine hiyo. Juu au chini. Kisha nyingine, na nyingine, hadi jozi 100.

Sauti ya msingi ilikuwa ya mitetemo 435 kwa sekunde, jirani kabisa na ile A ambayo okestra huitumia kupatanisha ala zake kabla ya onyesho. Zilikuwamo jozi zilizotofautiana kwa mitetemo 30, na hizo hata asiyewahi kusimama kwenye kwaya huzitambua, maana tofauti hiyo inazidi nusu toni. Zilikuwamo za mitetemo 12, ambayo ni kama robo toni, umbali ambao mpiga udi wa taarabu anaujua kwa kidole chake na ambao piano haina. Mtihani haukuishia hapo. Ulishuka hadi mitetemo 5, 3, 2, 1, na mwisho nusu ya mtetemo mmoja. Anayetaka kuonja ukali wake achukue gitaa, azipatanishe nyuzi mbili hadi zilie kama uzi mmoja, kisha auguse ufunguo wa uzi mmoja kwa kiasi ambacho jicho halioni kama umezunguka. Halafu amwombe mwenzake aseme, bila kuangalia, upi umepanda.

Santuri nyingine ziliuliza ipi kati ya sauti mbili ina nguvu zaidi, ipi imedumu zaidi, ipi kati ya jozi mbili inapatana vizuri. Moja ilikuwa ya kumbukumbu: sauti kadhaa zinapigwa, kisha zinarudiwa na moja imebadilishwa, nawe unaandika namba ya ile iliyobadilika. Ilianza na sauti mbili, ikafika sita. Katika muda huo wote hakuna aliyemwambia kijana apige chochote.

Nimeanza na chumba hiki kwa sababu swali linaloumiza vichwa vya wazazi na vijana wengi leo, la mwanamuziki hodari mwenye alama za chini kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu cha Marekani, kwa kawaida huulizwa kana kwamba muziki uko upande huu na mtihani upande ule. Historia haikwenda hivyo. Viwili hivi vililelewa nyumba moja, na kwa muda mfupi kule Rochester vilikuwa kitu kimoja.

Aliyetunga mtihani wa santuri aliitwa Carl Seashore. Alizaliwa Sweden mwaka 1866, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akakulia shambani Iowa. Jina la ukoo lilikuwa Sjöstrand, yaani ufukwe wa bahari. Walipofika ugenini wakalitafsiri kwa Kiingereza. Alisomea saikolojia wakati ambapo elimu hiyo ilikuwa bado changa na imejaa mashine: saa za kupima sehemu ndogo za sekunde, vyuma vya kutoa sauti moja safi, vipimo vya kila namna. Akawa profesa, kisha mkuu wa masomo ya juu, katika chuo kikuu cha jimbo lake kule Iowa City. Mwaka 1919 alitoa kitabu chake kuhusu saikolojia ya kipaji cha muziki pamoja na santuri zilizotengenezwa na kampuni ya Columbia, ili mwalimu yeyote mwenye gramafoni aweze kupima darasa zima kwa mara moja.

Seashore aliamini kwamba uwezo wa sikio ni wa kuzaliwa nao. Mazoezi humfundisha mtu kuutumia, lakini hayauongezi. Ukishapima, umepima. Kwa imani hiyo mtihani ulikuwa tendo la huruma: kwa nini umwache mtoto asiye na sikio ateseke miaka kumi kwenye fidla, na wazazi wake wamalize akiba yao? Na kwa nini mtoto wa maskini mwenye sikio adimu apite shuleni bila mtu kumgundua, eti kwa sababu nyumbani kwao hakuna piano? Nataka nia hii ikumbukwe. Watu waliojenga mitihani hii hawakuanza wakiwa na nia ya kufunga milango. Wengi wao walidhani wanaifungua, na tutakutana na nia hiyohiyo tena mbele.

Wakati Seashore akishughulika na santuri zake, wanasaikolojia wenzake walipata maabara ambayo hawakuwahi kuiota. Marekani iliingia vitani mwaka 1917, na mmoja wao, Robert Yerkes, akalishawishi jeshi liwaruhusu kuwapima akili askari wapya. Kulikuwa na karatasi moja kwa wanaojua kusoma na nyingine ya picha kwa wasiojua. Vita vilipokwisha walikuwa wamepima watu wapatao milioni 1.7. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo kwamba watu wengi kiasi hicho waulizwe maswali yaleyale, kwa muda uleule, na kupewa namba.

Mmoja wa vijana waliofanya kazi hiyo alikuwa Carl Brigham, aliyekuja kuwa profesa Princeton. Mwaka 1923 alizichukua namba za jeshi akaandika kitabu kuhusu akili ya Wamarekani, akizipanga jamii za watu kwa ngazi: watu wa Ulaya ya kaskazini juu, wa kusini na mashariki chini yao, Weusi chini kabisa. Hakuzingatia vya kutosha kwamba baadhi ya waliopimwa walikuwa na miezi michache tu nchini, au kwamba wengine walisomea kwenye shule zilizofunguliwa miezi michache kwa mwaka. Mwanazuoni kijana Mweusi, Horace Mann Bond, alimjibu mapema, mwaka 1924. Alikuwa amezisoma namba zilezile, akaonyesha jambo ambalo Brigham hakutaka kulikabili: askari Weusi kutoka Ohio na Illinois walikuwa wamewapita kwa wastani askari weupe kutoka Mississippi na Arkansas. Kama karatasi ilipima damu, hilo lingewezekanaje? Ilikuwa imepima shule.

Brigham hakumsikiliza Bond wakati huo. Alikuwa anatunga mtihani mwingine, safari hii kwa ajili ya bodi iliyosimamia mitihani ya kuingia vyuo vikuu vikubwa vya mashariki. Tarehe 23 Juni 1926, vijana 8,040 waliufanya kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na maswali 315 ya kujibiwa kwa dakika 97, yaani sekunde kama 18 kwa kila swali. Huo ndio SAT. Miaka minne baadaye Brigham mwenyewe aliandika kwamba hitimisho la kitabu chake cha 1923 halikuwa na msingi. Aliikana kazi yake hadharani, jambo ambalo wasomi wachache huthubutu, nami namheshimu kwa hilo. Lakini mtihani ulikuwa umeshatoka mikononi mwake.

Turudi Rochester. George Eastman, tajiri wa kamera za Kodak, hakuwa mwanamuziki ila aliupenda muziki, na alitoa fedha nyingi kuanzisha shule ya muziki ndani ya chuo kikuu cha mji wake. Shule ilifunguliwa mwaka 1921. Alikuwa mtu wa kiwandani, aliyezoea kukagua malighafi kabla haijaingia kwenye mashine, na wazo la Seashore lilimwingia akilini mara moja. Mwanafunzi wa Seashore, Hazel Stanton, akaajiriwa kama mwanasaikolojia wa shule, akapewa miaka ya kufanya jaribio ambalo hakuna shule ya muziki iliyowahi kulifanya kwa ukubwa ule.

Stanton aliwapima waombaji kwa santuri, akaongeza karatasi ya kupima ufahamu iliyotungwa Iowa, ndugu wa ile mitihani ya jeshi na ya Brigham. Kisha akajumlisha vyote na kumweka kila kijana katika moja ya makundi matano. La kwanza liliitwa la walio salama. La pili, la wanaoelekea kufaulu. La tatu, la wanaoweza. La nne, la wenye shaka. La tano liliitwa la wa kukatishwa tamaa.

Soma tena jina la kundi la tano. Kijana wa miaka 18, aliyesafiri na fidla yake kutoka kijijini, anaandikiwa kwenye faili kwamba ni wa kukatishwa tamaa, na aliyeandika hajamsikia akipiga. Labda hakuambiwa kwa neno hilohilo. Lakini faili lilikuwepo, na waliolisoma ndio walioshauri apokewe au asipokewe, apewe mwalimu gani, apewe msaada wa ada au asipewe.

Je, mtihani ulisema kweli? Stanton aliwafuatilia wanafunzi wake kwa karibu miaka kumi, akachapisha matokeo mwaka 1935. Kati ya waliowekwa salama, asilimia 60 walihitimu kwa muda uliopangwa. Wa kundi la pili, asilimia 42. La tatu, 33. La nne, 23. Waliotakiwa kukatishwa tamaa, asilimia 17. Ngazi imeshuka vizuri, kila kidato mahali pake, na si haki kudai kwamba karatasi ile haikupima chochote. Ilipima kitu. Hata hivyo, mimi kila nikizitazama namba hizi, macho hunirudi kwenye ncha zake mbili. Huku juu, watu 40 katika kila 100 waliohesabiwa salama hawakumaliza kwa wakati. Na kule chini, 17 katika kila 100 walisimama jukwaani wakapokea shahada ya muziki kutoka kwa shule iliyokuwa imewaandikia kwamba hawafai.

Wapinzani walijitokeza. Aliyesikika zaidi alikuwa James Mursell, mwalimu wa walimu wa muziki, ambaye katika miaka ya 1930 alibishana na Seashore waziwazi. Mursell alisema muziki si rundo la uwezo mdogomdogo uliotengana. Mtu hasikii mitetemo 435 halafu 436. Anasikia wimbo unakwenda mahali. Unaweza kuwa na sikio la kutenganisha nusu mtetemo na usijue kabisa kwa nini sentensi ya Schubert inahitaji kuvuta pumzi pale inapoihitaji. Seashore hakukubali, ingawa katika masahihisho ya mwaka 1939 aliiondoa sehemu ya mapatano ya sauti na kuweka ya rangi ya sauti badala yake. Taratibu shule za muziki ziliacha kutegemea santuri katika kuchagua wanafunzi. Santuri zikabaki kwa watafiti.

Shule zilirudi kwenye njia ya tangu zamani, ambayo sisi tunaiita usaili: unaingia, unapiga, wanasikiliza. Curtis Institute, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1924 na Mary Louise Curtis Bok, ilichagua kwa njia hiyo, na tangu 1928 haijamtoza ada ya masomo mwanafunzi yeyote. Huchukua idadi inayotosha kujaza okestra, na wachache wa piano, uimbaji, utunzi na kadhalika. Juilliard, New York, iliyokua kutokana na shule iliyoanza mwaka 1905, nayo iliweka uzito wake kwenye usaili. Kwa shule za namna hii alama za karatasi hazikuwa ndizo zinazoamua.

Wakati huohuo vyuo vikuu vya kawaida vilikuwa vinakwenda upande wa pili. James Bryant Conant alipokuwa rais wa Harvard mwaka 1933 alichoshwa na kuona nafasi zikijazwa na watoto wa familia zilezile kutoka shule zilezile za bweni. Alitaka kijana wa kijiji cha Nebraska ambaye hakuna mtu Boston anayelijua jina la shule yake. Akamtuma msaidizi wake, Henry Chauncey, atafute chombo cha kumpata, na Chauncey akarudi na SAT ya Brigham. Mwaka 1934 ikatumika kuwachagua wa ufadhili. Nia ya Conant ni ileile ya Seashore: kumgundua mtoto aliyefichika. Vita vya pili vilipoingia, mwaka 1942 ile mitihani ya zamani ya kuandika insha ilisimamishwa, SAT ikabaki peke yake uwanjani. Mwaka 1947 likaundwa shirika la kuiendesha, Chauncey akiwa kiongozi wake. Brigham hakuyaona hayo, alifariki 1943.

Mwaka 1959 mshindani wa SAT alizaliwa, mtihani wa ACT. Aliyeutunga, E. F. Lindquist, alikuwa profesa wa Iowa City, chuo kilekile cha Seashore. Mji mdogo wa katikati ya mashamba ya mahindi ulitoa mtihani wa sikio na mtihani wa karatasi, na sidhani ni bahati tu: pale palikuwa na watu walioamini kwa dhati kwamba mtoto yeyote anaweza kupimwa kwa haki ukiwa na kipimo kizuri.

Tangu hapo kijana mwanamuziki wa Marekani amekuwa akikutana na mifumo miwili iliyokaa bega kwa bega, mara nyingi ndani ya geti moja. Mfano mzuri ni aina za shahada. Chama cha shule za muziki nchini humo, ambacho kipo tangu 1924, kinatofautisha shahada ya kitaaluma ya muziki, ambamo karibu theluthi mbili ya masomo ni muziki wenyewe, na shahada ya kawaida ya chuo kikuu yenye muziki kama somo kuu, ambamo muziki ni karibu theluthi moja tu, na iliyobaki ni hisabati, sayansi, lugha na historia. Kijana mmoja, mwenye alama zilezile, akiomba ya kwanza atasikilizwa kabla ya kusomwa. Akiomba ya pili atasomwa kwanza, na huenda mkanda wake usifike kwa mtu yeyote anayejua muziki.

Lakini tusidhani kwamba sikio ni hakimu mwema kuliko karatasi. Mwaka 1832 kijana wa miaka 18 alikwenda kufanya usaili wa piano kwenye chuo cha muziki cha Milan. Walimkataa: umri umepita, mikono ameishika vibaya, tena ni mtu wa Parma, si wa himaya ile. Aliitwa Giuseppe Verdi. Chuo hicho leo kinaitwa kwa jina lake.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha binti wa Tryon, mji mdogo wa milimani huko North Carolina. Eunice Waymon alizaliwa mwaka 1933, mama yake mhubiri wa Kimethodisti aliyefanya pia kazi za nyumbani kwa mwanamke mweupe. Mtoto alipiga kinanda cha kanisani kabla miguu haijafika chini. Mwajiri wa mama yake alimsikia, akalipia masomo kwa mwalimu wa piano, Muriel Mazzanovich, aliyemwingiza katika ulimwengu wa Bach. Pesa zilipopungua mwalimu huyo alianzisha mfuko mjini, na watu wa Tryon, weupe kwa Weusi, wakachanga.

Alipokuwa na miaka kama 11 alipiga onyesho lake la kwanza rasmi. Wazazi wake walikaa mstari wa mbele. Wakaja watu weupe, wazazi wakaambiwa wahamie nyuma. Mtoto akasimama jukwaani akasema hatapiga mpaka warudishwe. Walirudishwa.

Huyu hakuwa mtoto wa alama mbaya. Mwaka 1950 alihitimu sekondari mjini Asheville akiwa wa kwanza katika darasa lake. Kama mlango ungekuwa wa karatasi, angepita kifua mbele. Majira hayo ya joto alisoma Juilliard kwa Carl Friedberg, akijiandaa kwa mlango alioutaka, wa Curtis. Familia ilikuwa imeshahamia Philadelphia kwa ajili yake. Mwaka 1951 akafanya usaili. Waombaji wa piano mwaka huo walikuwa 72, walichukuliwa watatu. Yeye hakuwamo.

Aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba alikataliwa kwa rangi yake. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa Curtis aliyemfundisha baadaye kwa malipo, alisema rangi haikuhusika, ila walikuwapo waliomzidi. Curtis ilikuwa imeshawapokea Weusi kabla yake. George Walker alihitimu huko mwaka 1945 na miaka 51 baadaye akapata tuzo ya Pulitzer kwa utunzi. Mimi naona jambo jingine. Kwenye karatasi ya mtihani, aliyeanguka anaweza kuomba asahihishiwe upya, na Bond aliweza kuzichukua namba na kuzigeuza dhidi ya mwenye namba. Katika usaili wa mwaka 1951 hakukuwa na kitu cha kugeuza. Watu walikaa, wakasikiliza dakika kadhaa, wakaandika. Kilichokuwa masikioni mwao, na kilichokuwa machoni mwao, hakuna anayeweza kukitenganisha leo. Mwaka uliofuata okestra ya Boston ilianza kuwasikiliza waombaji wake nyuma ya pazia, wasionekane, na katika miaka ya 1970 okestra nyingine nyingi zilifuata. Ni wazo rahisi mno, na lilichelewa mno.

Eunice alihitaji pesa za kuendelea na masomo. Mwaka 1954 alianza kupiga piano katika baa moja Atlantic City. Mwenye baa alimwambia aimbe pia, la sivyo hakuna kazi. Ili mama yake mhubiri asijue, alijipa jina: Nina Simone. Curtis ilimtunuku stashahada ya heshima Aprili 2003. Siku mbili baadaye alifariki nyumbani kwake kusini mwa Ufaransa.

Mtihani wa karatasi nao ulianza kupungukiwa nguvu, polepole. Chuo cha Bowdoin, jimbo la Maine, kiliacha kuulazimisha mwaka 1969. Vingine vidogo vikafuata, kimoja kimoja, kwa miaka 50. Kisha Machi 2020 janga la Korona likafunga vyumba vya mtihani, na ndani ya miezi michache karibu kila chuo kikubwa kikatangaza kwamba alama si lazima. Chuo Kikuu cha California, kilichokuwa kikidai SAT tangu miaka ya 1960, kiliamua kuachana nayo kabisa. Wengine wakarudi nyuma: MIT mwaka 2022, kisha mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard. Hoja yao ingemfurahisha Conant. Walisema bila alama wanashindwa kumwona kijana mzuri kutoka shule isiyojulikana.

Basi mwanamuziki mwenye alama za chini anasimama wapi? Inategemea anabisha wapi. Juilliard na Berklee hazihitaji alama za SAT. Huko atahukumiwa kwa kupiga, na mahali pengine kwanza kwa mkanda wa mchujo, kisha ana kwa ana. Kwenye vyuo vikuu vikubwa vyenye shule ya muziki ndani yake, mara nyingi faili lake husomwa mara mbili, na walimu wa muziki wakimtaka kwa dhati wanaweza kumtetea kwa ofisi ya udahili. Utetezi huo una nguvu pale alama zinapokuwa chini kidogo. Zikiwa chini sana, walimu wenyewe huogopa, maana wanajua kuna madarasa ya nadharia ya muziki, solfeji na historia yanayomsubiri, na insha za kuandika. Kwenye vyuo vinavyodai alama tena, muziki ni nyongeza ya kupendeza kwenye faili, na nyongeza haibebi mzigo wa faili zima.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi mapema. Okestra ya chuo ina viti vya kujaza. Mpiga basuni wa mwaka wa nne akihitimu, mwaka huo chuo kina njaa ya basuni, na mwombaji wa basuni anatazamwa kwa jicho ambalo mpiga piano mzuri kuliko yeye hatalipata. Viola, obo, tuba: hivi vimewavusha watu wengi ambao alama zao zisingewavusha. Na pesa ni suala la peke yake. Vipo vyuo vinavyokupokea bila alama, kisha vinazitaka alama hizohizo vinapogawa ufadhili wa kitaaluma. Mzazi asiyeuliza mapema huligundua hilo bili ikiwa mezani.

Mahali ambapo historia hii yote imekaa katika bahasha moja ni Oberlin, Ohio. Pale kuna chuo cha kawaida na chuo cha muziki, kilichoanzishwa mwaka 1865, katika viwanja vilevile. Kijana anaweza kuomba shahada mbili kwa pamoja, masomo ya miaka mitano, lakini kila upande unamchagua kivyake. Upande mmoja unasoma matokeo yake ya sekondari, insha yake, na alama za mtihani akizipeleka. Upande wa pili unamsikiliza kwenye chumba chenye piano na walimu wachache waliokaa na penseli. Kisha kila upande unatoa jibu lake. Mtu yuleyule anaweza kuambiwa ndiyo huku na hapana kule, na aliyekubaliwa upande mmoja tu anaweza kujiunga hivyohivyo, akakaa bweni moja na wa upande wa pili, akafanya mazoezi usiku, na baadaye akabisha tena kule alikokataliwa.